Semliki na Hesabu ya Nukta

Mwaka 1894 Uingereza na Mfalme Leopold wa Ubelgiji waligawana nchi hizi za Kongo na Uganda kwa rula. Kipande kirefu cha mpaka kilifuata longitudo ya 30 mashariki, na mstari wa namna hiyo ni rahisi: nukta mbili, umekwisha. Tume ya wapimaji ya 1907 na 1908 ilipofika na vyombo vyake, longitudo yenyewe haikuangukia pale ramani za zamani zilipoionyesha. Wakabishana. Mkataba wa 1915 ukauhamishia mpaka mtoni: kuanzia Semliki unapopokea maji ya Lamia hadi Ziwa Albert. Boga, ambayo kabla ya hapo ilihesabiwa upande wa Uganda, leo imo katika eneo la Irumu, upande wa Kongo.

Lakini mto hauchoreki kwa nukta mbili. Chini ya Boga, Semliki unajizungusha kama chatu aliyeshiba. Ukiupa nukta mia moja zenye nafasi sawa, paliponyooka utazimwaga bure, na penye kona kali utakata nchi ya watu.

Jawabu lilitoka mbali na huku, kwenye kiwanda cha magari. Mwaka 1959 Paul de Casteljau wa Citroën alibuni njia ya kuugawa mstari uliopinda katikati. Ukiendelea kukigawa kila kipande mpaka kinyooke vya kutosha, nukta zinajaa penye kona na kupungua penye unyoofu. Mwaka 1973 Douglas na Peucker, huko Kanada, walitangaza njia ya kinyume: kuanza na nukta nyingi, kubakiza zile za lazima.

Hapo ndipo waandishi wa programu walipopata tabu. Unaiambia programu kosa unaloweza kulivumilia, nayo inakurudishia nukta; ni ngapi, hakuna ajuaye kabla ya kazi kwisha. Fortran ya 1977 ilitaka ukubwa wa safu utajwe mapema, sawa na kushona gunia kabla ya kuona mavuno. Wengine walipita mara mbili: kwanza kuhesabu, kisha kujaza. Siku hizi orodha hukua yenyewe, na mtu husahau kwamba ukitaja kosa dogo mno kumbukumbu ya kompyuta itajaa. OpenStreetMap, iliyoanza 2004, imeweka kikomo: mstari mmoja usizidi nukta 2,000. Mto mrefu hukatwa vipande. Naona ni busara.

Juzi, mjini Bunia, niliufuata Semliki kwenye picha ya setilaiti, nikibofya kona baada ya kona. Mahali pamoja mto ulikuwa umekata njia ya mkato, kona ya zamani imebaki bwawa lenye umbo la mundu. Nikahamisha nukta 14 za maji. Zile za mpaka sikuzigusa.