Kitovu kiko kwa nani? Historia fupi ya chaki ya mashine ya kukereza

Leo naweka msimbo kando kidogo. Huwa napita Kwale mara kwa mara, na nikifika Funzi, kile kisiwa cha mikoko karibu na mlango wa mto Ramisi, naangalia vyombo kabla sijaangalia bahari. Ndiyo ugonjwa wetu sisi watu wa programu: tunataka kujua kitu kinafanyaje kazi ndani.

Swali la leo ni hili. Mashua yenye injini ya ndani ina shafti, ule mtaimbo wa chuma unaozungusha propela. Shafti ikilika hupelekwa kwa fundi wa mashine ya kukereza. Je, fundi aikamate na nini? Chombo cha kukamatia kinaitwa chaki (si ile ya mwalimu!). Kuna chaki ya taya tatu, ya taya nne, na kuna kazi zisizotaka chaki kabisa. Wengi wanadhani ni suala la kilichopo karakanani. Mimi nasema ni suala la kitovu: nani anayekitunza?

Tuanze mbali kidogo.

Kabla ya chaki

Kukereza si jambo la wazungu tu. Misri, kwenye kaburi la Petosiris la karibu mwaka 300 KK, kuna mchoro wa watu wawili: mmoja anavuta kamba kuzungusha kazi, mwenzake anachonga. Huku kwetu neno "kereza" lipo katika kamusi ya Johnson ya 1939, na miguu ya vitanda vya zamani vya Lamu na Pate ilikerezwa kabla ya mota ya umeme kujulikana.

Mtu wa mashua anamjua ndugu wa karibu wa mashine hiyo: keke. Msukano unasimama wima, jivu linashikwa kwa mkono juu yake, kamba ya uta inazungushwa kwenye msukano, kisha fundi anasukuma na kuvuta. Kwa keke mafundi walitoboa mbao ili msumari usipasue, na katika mitepe walitoboa matundu ya kupitisha kamba ya kushonea. Sasa ilaze keke chini, toa chuma cha kutobolea, weka mti wa kuchonga kati ya ncha mbili. Umepata mashine ya kukereza!

Angalia jambo moja. Katika mashine hiyo hakuna chaki. Kazi inashikwa na ncha mbili zilizoingia kwenye vishimo viwili, kimoja kila upande. Kitovu kimo ndani ya kazi yenyewe. Ukiitoa leo ukairudisha kesho, au ukaigeuza kichwa chini, vishimo ni vilevile na kitovu hakijahama.

Tatizo likaja kwenye bakuli. Ni vigumu kuchimba ndani ya bakuli wakati ncha imeziba mdomo wake. Hapo wakereza wakaanza kukamata kazi upande mmoja tu. Njia moja ilikuwa gogo dogo lililochimbwa shimo, kazi ikagongwa ndani yake kwa nyundo. Hiyo ndiyo chaki kongwe: kila umbo jipya na gogo lake. Sisi tungesema kila mteja ameandikiwa programu yake upya.

Konokono wa Fairman

Tarehe 18 Julai 1840, Simon Fairman wa Stafford, Connecticut, Marekani, alipata hataza ya chaki inayofanana na tunayoijua. Siri yake ni bamba la duara lenye mfereji unaojizungusha kama gamba la konokono. Taya zina meno yanayokaa ndani ya mfereji huo. Ukizungusha bamba, taya zote zinasogea pamoja na kwa kiasi kimoja. Mkwe wake, Austin Cushman, akaendeleza kazi hiyo, na jina la Cushman likawa maarufu kwenye chaki kwa miaka mingi.

Fikiria maana yake. Kabla ya hapo fundi alitafuta kitovu mwenyewe. Sasa unazungusha ufunguo mmoja tu, na chuma cha duara kinakaa katikati. Kitovu kimehama kutoka kwenye kazi kikaingia kwenye mashine.

Lakini hakuna cha bure. Chaki ya taya tatu iliyo katika hali nzuri huacha kosa la karibu milimita 0.05 hadi 0.1. Ikizeeka mfereji unalika na kosa linaongezeka. Na ukitoa kazi kisha ukairudisha, haikai tena palepale.

Chaki ya taya nne ni kinyume. Kila taya ina skrubu yake, hakuna inayojua mwenzake yuko wapi. Fundi anaweka geji, anazungusha kazi polepole, analegeza huku na kukaza kule. Ni kazi ya subira, lakini anaweza kufika milimita 0.01, na anaweza kukamata kipande cha mraba au kilichopinda. Hapa kitovu kiko kwa fundi.

Na keke je? Chuma chake kilikaa kwenye msukano moja kwa moja. Mwaka 1902 Arthur Jacobs alipata hataza ya chaki ya drili inayokazwa kwa ufunguo wenye meno. Inasemekana alichoka kujigonga vidole kwa spana. Drili nyingi za umeme ambazo mafundi wa mashua wanazo leo zinafuata kizazi hicho.

Kwa nini jambo hili ni zito Funzi

Kutoka Funzi unavuka kwa mashua hadi Bodo, kisha barabara hadi Ukunda au Mombasa. Shafti iliyokerezwa vibaya haikwambii karakanani. Inakwambia kwenye mkondo, injini ikitetemeka, maji yakipita pale shafti inapotokea, na watu wamo ndani.

Kuna jambo jingine. Upande wa bara kulikuwa na kiwanda cha sukari cha Ramisi, ambacho kilifungwa 1988. Kinu cha miwa kina rola nzito zinazolika na kutaka kukerezwa tena, kwa hiyo kinu hakiishi bila karakana. Kinu kikifungwa, mashine huuzwa na mafundi hutawanyika. Kazi ambayo kitovu chake kilikuwa kwenye chaki fulani inakipoteza chaki ile ikiondoka. Kazi ambayo kitovu chake kilikuwa mikononi mwa fundi inamtegemea fundi. Lakini shafti yenye vishimo viwili safi kwenye ncha zake inabeba kitovu chake yenyewe, hata miaka 20, hadi kwa fundi asiyemjua wa kwanza.

Basi chagua hivi:

- Kazi ya duara, fupi, utakayoimaliza bila kuitoa: taya tatu.
- Kazi ya mraba, iliyopinda, au inayodai usahihi: taya nne na geji.
- Shafti ndefu, au kitu kitakachorudi kukerezwa tena: ncha mbili. Usiruhusu vishimo vyake vikatwe ati ili ncha ionekane nadhifu!
- Bomba jembamba: taya tatu zitaliminya. Weka kipande cha duara ndani yake kwanza.
- Kwa chaki yoyote ile: toa ufunguo kabla ya kuwasha. Ufunguo uliosahaulika unaruka kama risasi.

Ukipeleka shafti yako Ukunda au Mombasa huna haja ya kujua yote haya. Muulize fundi swali moja tu: "Fundi, nikiirudisha mwakani, utakipata wapi kitovu?" Akikuonyesha vishimo, mwachie kazi. Akikuonyesha chaki, muulize tena.

Haya, wiki ijayo tunarudi kwenye msimbo. Kwaherini kwa sasa.