Kireno cha mpakani: maneno ya kuanzia kwa anayevuka Dilolo kwenda Luau

Ukitoka Kolwezi na kufuata reli kuelekea magharibi, nyuma ya kilomita zaidi ya 400 unafika Dilolo, mwisho wa inchi yetu. Ng'ambo ni Luau, mji wa Angola ambao Wareno wakati wa ukoloni waliuita Teixeira de Sousa. Reli ile inaendelea mpaka bandari ya Lobito, kwenye bahari ya Atlantiki. Vita iliyoanza Angola mwaka 1975 iliifunga kwa miaka mingi. Stesheni ya Luau ilifunguliwa upya mwaka 2015, na mwaka 2018 treni za madini ya Kongo zilianza tena kupita pale.

Wenyeji wa pande mbili wanasikilizana kwa Kichokwe, Kilunda ao Kiluvale. Lakini wewe mchuuzi uliyetoka Bukavu, Kalemie ao Kindu, zile lugha huna, na karatasi zote za Angola ni za Kireno. Hii hapa ni misingi ya kukusaidia.

Salamu na heshima

Asubuhi unasema *bom dia*, mchana *boa tarde*, usiku *boa noite*. Kushukuru, mwanaume anasema *obrigado*, mwanamke *obrigada*. Neno linafuata anayesema, si anayeshukuriwa. Ofisini mwite mtu *senhor* ao *senhora*. Mzee anaitwa *mais-velho*, mwenye umri kama wako ni *mano* (kaka) ao *mana* (dada). Kama kwetu, usiulize jambo mbele ya kusalimia.

Kwa matamshi, *nh* isome kama ny, *lh* kama ly, *ch* kama sh. *Não* (hapana) inapita puani, karibu sawa na *non* ya Kifaransa.

Majina na vitendo

Kiswahili kina ngeli nyingi. Kireno kina mbili tu: ya kiume yenye *o*, na ya kike yenye *a*. *O comboio* ni treni, *a fronteira* ni mpaka. Wingi unaongeza *s*: *a mala* (sanduku), *as malas* (masanduku). Sifa inakuja nyuma ya jina, kama kwetu: *mala pesada*, sanduku zito.

Kwenye kitendo, sisi tunaweka mtu mbele: ninasema, tunasema. Kireno kinamweka nyuma: falo (ninasema), falamos (tunasema), falam (wanasema). Kukataa ni rahisi, unatanguliza *não* tu: *não falo português*, sisemi Kireno.

Kireno kina maneno mawili pale Mfaransa anasema *être*. *Sou* ni kwa kile ulicho: *sou congolês*, mimi ni Mkongomani (mwanamke: *congolesa*). *Estou* ni kwa mahali ao hali ya sasa: *estou em Luau*, niko Luau; *estou doente*, niko mgonjwa. Ukijua tofauti ya "mimi ni" na "niko", umekwisha kuelewa. Lakini sisi wa Kongo tunapenda kusema "niko" kwa yote mawili, basi tuwe na uangalifu.

Hesabu

*Um, dois, três, quatro, cinco, seis, sete, oito, nove, dez*: moja mpaka kumi. *Vinte* ni 20, *cem* ni 100, *mil* ni 1,000. Angalia *sete*: sikio la Kiswahili linaweza kusikia "sita", kumbe ni saba. Kwenye bei, kosa hilo linakula faida yako. Feza ya Angola inaitwa kwanza, kutokana na jina la mto wa inchi ile, si "kwanza" yetu.

Siku na saa

Hapa watu wengi wanapotea. Kireno kinahesabu juma kuanzia siku ya Mungu. Kwa hiyo *segunda-feira*, maana yake "ya pili", ndiyo siku yetu ya kwanza, Jumatatu. *Terça* ni Jumanne, *quarta* Jumatano, *quinta* Alhamisi, *sexta* Ijumaa. Kisha *sábado* na *domingo*. Wakikuambia *venha na quinta*, "njoo siku ya tano", usifikiri ni siku ya tano ya kwetu. Ukienda Ijumaa umechelewa siku moja, na mzigo wako umelala.

Saa nayo ni tofauti. Lualaba inafuata saa ya Lubumbashi, Angola iko saa moja na Kinshasa. Ikiwa saa tatu asubuhi Dilolo, Luau ni saa mbili.

Maneno ya mtego

*Matabicho*: kwetu matabishi ni kitu kidogo cha kumpoza mtu. Angola ni chakula cha asubuhi. Akikuuliza kama umekwisha *matabichar*, hakuombi kitu.

*Quanto pesa?*: si pesa. Anauliza mzigo una uzito gani. Bei ni *quanto custa?*

*Igreja*: ni kanisa, hata kama Kiswahili kilipata "gereza" kutoka neno hilo. Meza, bendera na leso nazo zilitoka kwa Wareno, lakini hizo hazikudanganyi: *mesa, bandeira, lenço*.

Sentensi za kushika kwa moyo

- *Fale devagar, por favor*: sema polepole, tafadhali.
- *Onde fica a alfândega?*: dwane iko wapi?
- *Preciso de um médico*: nahitaji daktari.
- *Quero um recibo*: nataka risiti.
- *Não compreendo*: sielewi.

Hiyo ya mwisho isikuletee haya. Wengi, kwa kuogopa kuonekana wajinga, wanajibu *sim, sim* (ndiyo, ndiyo) kwa kila ulizo, kisha wanatia sahihi. *Assine aqui* maana yake "tia sahihi hapa". Ukisikia hivyo na hujui karatasi inasema nini, sema *não compreendo*, na uombe mtu wa kukutafsiria: *preciso de um tradutor*. Mbele ya kuvuka, zisome hizi sentensi kwa sauti mara kumi, na mwenzako akuulize bei mpaka *seis* na *sete* zisikuchanganye tena.