Satchel Paige Hakuchelewa, Alifungiwa Geti

Wasee, shikeni hii namba: 42. Huo ndio umri Leroy "Satchel" Paige alikuwa nao alipocheza mechi yake ya kwanza kwenye ligi kuu ya besiboli Marekani, Julai 1948.

Najua kuna mtu tayari anataka kuweka hiyo kwa status: "Usikate tamaa, wakati wako utafika." Tulia kwanza.

Paige alizaliwa 1906 huko Mobile, Alabama, kwa familia maskini. Akiwa na miaka 12 alipelekwa shule ya kurekebisha tabia sababu ya wizi mdogo na kutoroka darasa. Alikaa huko zaidi ya miaka mitano, na ndiko alifunzwa kurusha mpira vizuri. Kama hujui besiboli, mrushaji ndiye husimama katikati na kumtupia mpira yule mwenye gongo. Akiwa moto, timu nzima ya wapinzani inaweza kurudi nyumbani bila pointi.

Paige alikuwa moto. Alianza kulipwa 1926, lakini kwa ligi za watu weusi pekee. Ligi kuu haikuwa na sheria iliyoandikwa ya kuwakataza weusi. Wenye timu walielewana tu kimyakimya, na geti likakaa limefungwa zaidi ya miaka 60.

Na msiniambie hawakumjua. Msimu ukiisha, Paige alikuwa anacheza mechi za maonyesho dhidi ya mastaa wazungu kama Dizzy Dean. Walimwona na wakashindwa kugonga mpira wake, kisha wakarudi kwa ligi ambayo yeye hakuruhusiwa kukanyaga.

1947 Jackie Robinson akafungua njia na Brooklyn Dodgers. Mwaka uliofuata Cleveland wakamchukua Paige. Mzee akashinda mechi 6, akapoteza 1, na Cleveland wakawa mabingwa mwaka huo huo. 1965, akiwa na miaka 59, alirudi siku moja kurushia Kansas City dhidi ya Boston. Vipindi vitatu, na Boston hawakupata hata pointi moja.

Sasa jiulize: kama wa 59 alifanya hivyo, wa 25 angefanya nini kwa ligi hiyo? Hatutawahi kujua. Hiyo miaka iliibwa, na hakuna medali inairudisha. Hata 1971 walipoamua kumweka kwa jumba la magwiji, mpango wa kwanza ulikuwa weusi wawekewe kona yao. Watu walipiga kelele ndio wakabadilisha. Alifariki 1982. Ligi kuu ilitangaza kuzihesabu zile ligi za weusi kuwa za daraja lake mwaka 2020.

Mimi niliacha chuo, na kila wiki kuna mtu ananiambia wakati wangu utafika. Shukrani. Lakini kuna anayechelewa kwa sababu alilala, na kuna anayefika alfajiri akapata geti limefungwa. Tukiwaambia wote wawili "subira huvuta heri", tunamfichia siri yule aliyefunga.

Kwa hivyo ukimpenda Paige, usimtumie kumtuliza msee ambaye ametafuta kazi miaka mitano. Muulize kwanza: funguo ziko kwa nani?