Kahawa, Mtori na Mbege: Historia ya Kumuuzia Mgeni Chakula Kilimanjaro na Mafunzo Yake kwa Mkulima wa Leo

Tumezoea kuzungumza hapa kuhusu mbegu, mbolea na masoko. Leo tutazame historia kidogo, kwa sababu kuna swali linaloulizwa kila mahali kwenye vijiji vya mlimani: magari ya watalii yanapita kila siku kwenda mageti ya Mlima Kilimanjaro, je, sisi tulio kando ya barabara tunabaki na nini zaidi ya vumbi?

Kitu cha kuuza tunacho, tena kiko shambani tayari. Tatizo limekuwa ni nani anakiuza na nani anapokea hela. Ukiifuata historia ya chakula na vinywaji vyetu utaliona jambo hilo waziwazi.

Mgeni alianza kula kwetu zamani

Usifikiri kumlisha msafiri ni biashara mpya. Katika karne ya 19 misafara ya biashara kutoka pwani ilipopita maeneo ya Kilimanjaro, ilihitaji chakula cha watu wengi kwa wakati mmoja, na Wachagga waliwauzia. Waliweza kwa sababu ya kihamba. Migomba ilitoa kivuli na chakula mwaka mzima, ng'ombe na mbuzi walifugwa bandani wakatoa samadi, na mifongo ilileta maji kutoka mitoni hadi mashambani. Eneo dogo lililisha familia na bado likabaki na ziada ya kuuza.

Tazama pia upandaji mlima wenyewe. Hans Meyer, Mjerumani, na mwenzake Ludwig Purtscheller walifika kilele cha Kibo tarehe 6 Oktoba 1889. Meyer alikuwa amejaribu kabla ya hapo akashindwa. Safari hii alipokelewa na Mangi Marealle wa Marangu, akaweka kambi juu mlimani, na wapagazi wakawa wanapandisha chakula na kuni kutoka Marangu mara kwa mara. Kwa maneno mengine, utalii wa mlima huu ulibebwa na chakula cha kijijini tangu siku ya kwanza.

Kahawa: tulilima, wengine wakanywa

Kahawa aina ya arabika ililetwa na wamisionari Wakatoliki, waliokuwa na kituo chao Kilema, mwishoni mwa karne ya 19. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mkuu wa wilaya wa Kiingereza, Charles Dundas, aliwahimiza wananchi kuipanda kwenye vihamba. Walowezi wa Kizungu walipinga. Walidai mashamba ya Waafrika yangeeneza magonjwa kwenye mibuni yao. Wakulima hawakukubali kusukumwa. Mwaka 1925 walianzisha chama chao cha wakulima, KNPA, kikiongozwa na Joseph Merinyo. Mwaka 1933 nafasi yake ikachukuliwa na KNCU, chama kikuu cha ushirika ambacho kipo hadi leo.

Ushirika ule ulileta neema nyingi, lakini haukuwa mteremko. Mwaka 1937, bei ikiwa mbaya na wakulima wakilazimishwa kuuza kupitia ushirika peke yake, fujo zilizuka na baadhi ya maghala yakashambuliwa. Mkulima alihisi hesabu zinafanywa bila yeye. Likumbuke jambo hili, tutalirudia.

Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, vikarudi katika miaka ya 1980. Mwaka 1989 mfumo wa kimataifa wa kugawana mauzo ya kahawa ulivunjika na bei ya dunia ikaanguka. Wengi wetu tuliona wazazi wakiacha mibuni izeeke, wengine wakaing'oa wakapanda mahindi, mboga au majani ya ng'ombe.

Katika miaka yote hiyo kahawa iliondoka kijijini ikiwa ghafi, na nyumbani tukanywa chai. Kukaanga, kusaga, kufungasha na kumimina kwenye kikombe vilifanyika mbali, na huko ndiko sehemu kubwa ya hela ilikobaki.

Ndizi na mbege: mfuko wa mama

Kahawa ilikuwa ya baba. Ndizi, maziwa na pombe ya kienyeji vilikuwa vya mama, na kwa hivyo mama alinunua chumvi, mafuta ya taa na madaftari ya shule. Hela hii haikuandikwa kwenye vitabu vya ushirika, lakini ndiyo iliyoendesha nyumba hata kahawa ilipoanguka.

Mtori, kwa mfano, ni chakula alichopewa mama aliyejifungua ili apate nguvu: ndizi na nyama vilivyopikwa hadi vikalainika, kisha ndizi zikapondwa. Leo unauzwa kwenye migahawa hadi Dar es Salaam. Mbege nayo ina ufundi wake. Ndizi mbivu huchemshwa na kuachwa zichachuke kwa siku kadhaa, kisha huchujwa. Ulezi huoteshwa, hukaushwa na kusagwa, halafu hupikwa uji. Magome ya msesewe hutia uchungu unaotakiwa. Mchanganyiko ukishakaa, hunywewa kwenye kata, katika harusi, matanga, vikao vya ukoo na mapatano. Mgeni akipewa kata amepokelewa. Simulizi hiyo ina thamani yake kama kinywaji chenyewe.

Utalii unaingia kijijini

Hifadhi ya Taifa ya Mlima Kilimanjaro ilianzishwa mwaka 1973, ikafunguliwa rasmi mwaka 1977, na mwaka 1987 ikawa Urithi wa Dunia. Kwa muda mrefu mgeni alishuka uwanja wa ndege, akalala hotelini, akapanda, akashuka, akaondoka. Kijiji alikiona kupitia kioo cha gari.

Mabadiliko yalianza miaka ya 1990, utalii wa utamaduni ulipoanza kuandaliwa vijijini kaskazini mwa nchi. Baadaye KNCU nayo ikaingia kwa mradi wa Kahawa Shamba huko Lyamungo, ambako mgeni anatembezwa shambani na wakulima wenyewe. Materuni leo ni maarufu kwa maporomoko ya maji na kahawa. Mgeni anachuma, anamenya, anatwanga kwenye kinu huku watu wakiimba, anakaanga kwenye chungu, kisha anakunywa. Mwaka 2011, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, liliutambua mfumo wa kihamba wa Shimbwe Juu kuwa urithi wa kilimo wenye umuhimu kwa dunia nzima. Migomba ile tunayoiona ya kawaida, wengine wanasafiri kuja kuiangalia.

Hebu tufanye hesabu

Kilo 7 hivi za kahawa nyekundu hutoa takriban kilo 1 ya kahawa iliyokaangwa. Kikombe kimoja kinahitaji gramu 10 hivi. Kwa hiyo kilo 1 ni vikombe karibu 100. Chukua bei unayolipwa kwa kilo 7 za matunda mekundu, kisha weka pembeni bei ya vikombe 100 hata kwa bei ya mgahawa wa kawaida mjini. Toa kuni, maji, sukari na kazi. Tofauti itakayobaki ndiyo iliyokuwa ikitoka kijijini kwetu tangu enzi za KNPA.

Angalizo: wageni hawatakunywa kahawa yako yote. Sehemu kubwa bado utaipeleka chama cha msingi. Hiki ni kipato cha nyongeza, si mbadala wa soko.

Mafunzo ya kufanyia kazi

1. Anzeni kikundi, na daftari liwe wazi. Kumbuka 1937. Mwenye shamba, mpishi, mwimbaji na muongozaji wajue kila mgeni amelipa kiasi gani na kila mmoja anapata nini. Kikundi kinachoficha hesabu hakifiki msimu wa pili.

2. Mkubaliane bei na kampuni za utalii kwa maandishi. Dalali wa mjini akileta wageni na kuwaachia "asante" tu, mmerudi kwenye kuuza ghafi.

3. Mama apewe chake. Chakula na mbege ni ujuzi wake. Malipo ya chakula yasipitie mkono wa mwingine.

4. Usafi kwanza. Maji ya kunywa yachemshwe, choo kiwe safi, sehemu ya kunawa iwe na sabuni. Mgeni mmoja akiugua tumbo, habari zitafika mbali kuliko tangazo lolote.

5. Fuata sheria. Kuuza pombe ya kienyeji kunahitaji leseni, ulizia halmashauri. Kwa kahawa ya kufungasha ulizia Bodi ya Kahawa na TBS kabla ya kuchapisha lebo. Gongo isisogee karibu na mgeni kabisa. Asiyekunywa pombe mpe togwa.

6. Panga kwa msimu. Wageni wengi wa mlimani huja Juni hadi Oktoba, na kahawa nyingi huiva kuanzia Julai. Vuna nyekundu tupu, na weka kando ile bora ya wageni. Masika wageni hupungua, tumia muda huo kukarabati na kupanda.

7. Usiwasahau wageni wa ndani. Kila Desemba ndugu zetu hurudi mlimani kwa Krismasi, wakiwa na hela na hamu ya mtori, kiburu na mbege. Wanaijua ladha, hivyo ukipatia kwao umepatia kwa wote. Hawa wanakuja hata mwaka ambao watalii wa nje wamekosekana.

8. Tunza kihamba. Hakuna atakayelipia kuja kutazama shamba lililokatwa miti. Kabla hujang'oa mbuni wa babu, waone watu wa TaCRI Lyamungu kuhusu miche chotara inayostahimili magonjwa, upande taratibu chini ya migomba.

Mwisho, usikimbilie mkopo kujenga banda la kifahari. Anza na shamba lako, chungu, kinu na wazee wanaojua historia ya eneo lenu. Wakae na vijana waongozaji wawafundishe, maana mzee akiondoka na habari zake, muongozaji atabaki kubuni, na mgeni hujua anapodanganywa.

Ukiwa na swali kuhusu miche, uandaaji wa kahawa ya nyumbani au namna ya kusajili kikundi, fika kwa afisa ugani au afisa maendeleo ya jamii wa kata yako. Kazi njema shambani.