Mkono Ulioshika Hatamu

Nilipoanza kupiga picha kwenye mbio za farasi pale Ngong Road, Nairobi, nilikuwa nafukuzia kwato tu. Jumapili moja nikamwonyesha saisi mmoja mzee picha niliyokuwa naringia: farasi yuko hewani, miguu yote minne imeachana na ardhi. Akaitazama, akanirudishia. "Miguu umeipata, kijana wangu. Mkono wa joki uko wapi?" Joki nilikuwa nimemkata kuanzia kiunoni.

Ugonjwa huo wa kwato haukuanza na mimi. Leland Stanford, tajiri wa reli aliyewahi kuwa gavana wa California, alitaka kujua kama farasi akienda shoti kuna wakati hagusi chini kabisa. Macho yalishindwa kuamua. Wachoraji walikuwa wakimchora amejinyoosha kama mbwa anayeruka mtaro, miguu ya mbele mbele, ya nyuma nyuma. Kazi ya kumaliza ubishi akapewa Eadweard Muybridge, Mwingereza mwenye ndevu tele aliyejulikana kwa picha zake za bonde la Yosemite.

Juni 1878, huko Palo Alto, Muybridge alipanga kamera 12 kando ya njia, moja na nyingine zikiachana inchi 27, yaani sentimita 68 na ushei. Ng'ambo akasimamisha ukuta mweupe, ili mnyama aonekane mweusi kama kivuli. Nyuzi nyembamba zilikatiza njia. Farasi akiukata mmoja, umeme unafyatua kilango cha kamera yake. Kila picha ilichukuliwa chini ya sehemu moja ya elfu mbili ya sekunde. Mimi kasi hiyo naipata kwa kuzungusha kidude kwa kidole. Yeye alitumia vioo vilivyopakwa dawa, ambavyo ilibidi vitumike vikiwa bado vibichi.

Miguu kweli iliacha ardhi, ila si pale wachoraji walipodhani: ni pale inapokunjwa na kukusanyika chini ya tumbo.

Ninayempenda mimi katika kisa hiki ni Sallie Gardner, farasi jike wa mbio. Nyuzi zilimshtua, akaruka kwa kishindo, mkanda wa tandiko ukakatika. Hebu mfikirie aliye mgongoni. Tandiko linacheza chini ya mapaja, mnyama amepagawa, na cha kushika ni hatamu peke yake. Hapo ndipo ungejua hawa wawili wanaelewana kiasi gani, na hapo hapo kila mtu alikuwa anahesabu kwato! Aliyempanda aliitwa Domm. Katika picha ni umbo jeusi, kakaa wima kidogo, vikuku virefu, kama majoki wa zama zile.

Kadi ya picha hizo iliyouzwa baadaye ina jina la farasi na jina la Stanford, mwenye mali. Muybridge aliendelea na kazi hiyo Philadelphia, na mwaka 1887 akatoa mkusanyiko wa kurasa 781 za picha za wanyama na watu wakitembea, wakiruka, wakipanda ngazi. Humo yumo farasi Annie G. akienda shoti. Jina lake limehifadhiwa. La mpanda wake halimo.

Siku hizi nalenga kati ya sikio na mkono. Sikio la farasi likigeukia nyuma, ujue anamsikiliza aliye juu. Na joki mzuri, kabla ya kumwachia akaze mwendo, hulegeza vidole kidogo mno, kiasi kwamba ukiwa jukwaani huoni kitu. Picha nyingi zinaharibika. Moja ilinitokea vizuri, nikampelekea yule mzee. Aliishika kwa mkono wenye harufu ya nyasi kavu, akafunika miguu ya farasi kwa kidole gumba, akabaki anatazama kilichosalia. Kisha akaitia mfukoni bila kuniuliza.