Nguzo ya Wareno Iliyoko Malindi

Wasikilizaji, huku kwetu kati ya Nanganga na mto Ruvuma, wazee wa zamani walipotaka kuwaomba wahenga wao walikwenda chini ya mti wa msolo, wakamwaga unga shinani. Mti ule haukuandikwa neno lo lote, lakini kila mpita njia alijua kwamba mahali pale hapachezewi. Leo nataka kueleza habari za wageni waliokuja na alama zao zimechongwa katika jiwe.

Hapo kwanza Wareno walisimamisha misalaba ya mti katika pwani walizozifikia, nayo ikaoza. Basi tangu safari ya Diogo Cão, mwaka 1482, mfalme wao aliwapa manahodha nguzo za mawe zilizochongwa kwao Ureno na kupakiwa merikebuni. Zilitengenezwa kwa chokaa ngumu, ambayo ikisuguliwa hung'aa kama marumaru. Juu palikaa msalaba. Penye jiwe palichongwa ngao tano za mfalme, ambazo Wareno husema ni mfano wa majeraha matano ya Yesu. Hivyo nguzo moja ilitangaza dini na kudai milki pamoja, wala sidhani kwamba wenyewe walitaka mambo hayo mawili yatenganishwe.

Desemba 1497 Vasco da Gama alisimamisha nguzo na msalaba katika ghuba moja ya Afrika ya Kusini. Merikebu zilipokuwa tayari kutweka, wenyeji kumi au kumi na wawili walikuja wakaviangusha vyote viwili, Wareno wakitazama. Naam, hapo hapakuhitajiwa mkalimani!

Malindi mambo yalikuwa mengine. Mfalme wake alikuwa na uadui na Mombasa, akawapokea wageni kwa heshima Aprili 1498, akawapa rubani wa kuwavusha mpaka Bara Hindi. Waliporudi Januari 1499 waliomba ruhusa ya kusimamisha nguzo, akawapa. Lakini Malindi ni mji wa Waislamu, na nguzo za mawe walizozijua wao ni zile za makaburini, karibu na msikiti, za kuwakumbuka wakubwa waliofariki. Nguzo hii haikuwa na maiti chini yake. Mwaka 1505 Wareno waliteka Kilwa na kuichoma Mombasa.

Baadaye nguzo ilihamishwa, ikawekwa juu ya mwamba ufukoni, nayo ipo hata leo: msalaba ni wa jiwe la Lisbon, na shina lake limejengwa kwa matumbawe ya pwani yetu.

Na madai yale hayakuishia pwani. Mwaka 1886 Wareno na Wadachi walikubaliana kuwa Ruvuma uwe mpaka wao, na Wamakonde wakajikuta wamegawanywa, hawa ng'ambo hii, ndugu zao ng'ambo ya pili.