Umepauka, Rudi Upake Mafuta

Kama ulilelewa Nairobi miaka ya 2000, hii sentensi unaijua: "Umepauka, rudi upake mafuta."

Mathe alikuwa ananisimamisha mlangoni kila asubuhi kabla ya shule. Anaangalia magoti, viwiko, halafu uso. Akiona ule ukavu wa kijivu, hakuna mjadala, unarudi ndani. Kikopo chetu kilikuwa Arimis, ile jeli ya kukamulia yenye picha ya ng'ombe. Ilitengenezewa viwele vya ng'ombe. Sisi tuliishi ghorofa ya nne Umoja na hatukuwa hata na kuku. Alinipaka hadi niking'aa kama chapati iliyotoka kwa pani, na kufikia saa nne vumbi yote ya Umoja ilikuwa imenishika usoni.

Siku hizi nalipwa kung'arisha watu. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ikiwa imekataa, na kuandika hulipa siku kunapotaka kulipa. Kwa hivyo wikendi nambebea rafiki yangu begi la mekapu na ile taa ya mviringo, na maharusi wakiwa wengi napewa wasimamizi niwapake. Karibu kila bibi harusi hutuma ombi moja kwa WhatsApp: isionekane kama nimepakwa, ing'ae tu. Nikisoma hivyo huwa namwona mathe mlangoni.

Mwaka jana, wiki tatu kabla ya harusi yake, binamu yangu alinitumia picha bila maneno. Mashavu yalikuwa yamegeuka mekundu, ngozi chini ya macho imekuwa nyembamba kama karatasi ya vitunguu. Alikuwa amenunua krimu ndani ya kikopo kisicho na jina, tao. Alipouliza kama ni ya kujichubua, muuzaji alikasirika. Hapana, dada, hii ni ya "glow".

Aliniuliza kama mekapu inaweza kufunika. Mimi nilibaki na swali lingine: ni lini kung'aa kulianza kumaanisha kuwa mweupe? Nililifuata kwa vitabu, halafu likanipeleka kwa shosho, mahali sikutarajia.

Tuanze na udongo. Sehemu kubwa ya stima unayochajia simu inatoka Olkaria, karibu na Naivasha, ambako mtambo wa kwanza wa mvuke ulianza kazi 1981. Jina hilo limetokana na neno la Kimaasai la udongo mwekundu. Ni udongo ule ambao morani huchanganya na mafuta ya mnyama na kujipaka nywele na mwili. Wakikuyu walikuwa na wao, thiriga, waliouchanganya na mafuta ya mbariki siku za sherehe. Rangi ilitoka ardhini, mng'ao ukatoka kwa mafuta. Na mafuta yalikuwa mali. Mtu aliyeng'aa alikuwa mtu mwenye mifugo au shamba, au mtu mwenye watu wa kumpaka.

Kuna sayansi hapo, na kila anayepaka mekapu huijua hata kama hajawahi kuisema. Ngozi kavu ina magamba madogo madogo. Mwanga ukiigonga unatawanyika kila upande, na ngozi nyeusi inaonekana ya kijivu. Huko ndiko kupauka. Mafuta hujaza zile nyufa, mwanga unarudi pamoja, na rangi yako inaonekana vile ilivyo. Hayakuongezei rangi wala kukupunguzia. Hailaita ya leo, ile ya kupaka juu ya mashavu, inafanya kazi hiyo hiyo kwa vipande vidogo vya madini ya maika.

Pwani walikuwa na njia yao, na waliiandika. Mnamo 1858, Lamu, Mwana Kupona binti Msham alikuwa mgonjwa, akamtungia binti yake utenzi wa wasia. Kati ya mambo ya dini na ya nyumba, anamwambia aoge, ajisinge, avae asumini, atie hina na wanja, akae kama bibi harusi kila siku. Kusinga ni kusugua mwili kwa manukato na mafuta, na singo ndiyo dawa yenyewe. Si historia iliyokufa. Nilibeba begi kwa harusi moja Mji wa Kale, Mombasa, na bibi harusi alikuwa amesingwa siku kadhaa kabla hatujafika. Mama mmoja alikuwa bado anasugua kipande cha liwa juu ya jiwe kwa marashi ya waridi, taratibu, kama mtu asiye na deni. Nikamuuliza singo inafanya nini hasa. "Mwanangu, singo haimgeuzi mtu. Yamtoa vumbi tu." Tulipoanza kumpaka yule dada, faundesheni ilikosa kazi.

Lakini sitaki kukudanganya kwamba zamani ilikuwa peponi. Pwani hiyo hiyo ilikuwa na watumwa, na utumwa haukufutwa kisheria katika Pwani ya Kenya hadi 1907. Rangi ilihesabiwa pamoja na nasaba, na weupe ulisifiwa kabla ya krimu yoyote kufika kwa kikopo. Mbegu ilikuwepo. Kilichokuja baadaye ni kiwanda.

Kwanza ilikuja sabuni. Katika misheni za bara, kuosha ule udongo mwekundu kulikuwa dalili kwamba umeingia kwa Mungu na kwa shule. Athomi, wasomi wa Kikuyu, walitambulika kwa nguo na kwa ngozi iliyosuguliwa. Mafuta ya mbariki yakaanza kunuka ushamba. Watu hawakuacha kung'aa, walibadilisha chombo: Vaseline, ambayo Mmarekani Robert Chesebrough aliisajili 1872 baada ya kuona wafanyakazi wa visima vya mafuta wakijipaka masalio ya petroli kwa vidonda. Mpaka hapo, mwili bado ulikuwa unang'aa kwa rangi yake.

Kisha uhuru, 1963. Ofisi zikafunguka, na mwanamke Mwafrika akaonekana nyuma ya taipureta na mbele ya kaunta. Wakati huo huo krimu za kupunguza rangi, Ambi na wenzake, zilikuwa zinatangazwa kwa magazeti na kwa majarida kama Drum, lililosomwa kutoka Johannesburg hadi Nairobi. Picha ilikuwa ile ile: mtu mweupe kidogo kuliko wewe, amevaa vizuri kidogo kuliko wewe, anatabasamu.

Wenye sauti walikasirika, ila angalia walimkasirikia nani. Mwaka 1966 kitabu cha Okot p'Bitek, Song of Lawino, kilichapishwa hapa Nairobi. Ndani yake Lawino anamcheka Clementine, mwanamke wa mjini, kwa poda na midomo yake myekundu. Ni kitabu kikubwa na nakipenda, lakini ni mwanamume aliyempa mwanamke sauti ya kumcheka mwanamke mwenzake. Mwaka 1968, Dar es Salaam, Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana: marufuku sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na krimu za kujichubua. Waliosumbuliwa barabarani walikuwa wasichana. Sijaona mahali mwajiri aliulizwa kwa nini anapenda nyuso fulani mbele ya ofisi yake.

Madaktari ndio waliangalia kikopo chenyewe. Mwaka 1972, British Medical Journal lilichapisha utafiti kutoka Nairobi kuhusu watu wazima waliokuwa wanavimba mwili kwa sababu figo zinapoteza protini kwa mkojo. Wagonjwa walikuwa 60. Kati yao 32 walikubali kwamba walikuwa wanatumia krimu za kupunguza rangi. Ndani ya krimu hizo mlikuwa na zebaki. Zebaki huzuia ngozi kutengeneza rangi yake, halafu haikai kwa ngozi. Inaingia damuni, na figo ndizo hulipa. Ilipotafutwa kwa mkojo, wengi walikutwa nayo kwa wingi. Miaka mitatu baadaye madaktari wa Afrika Kusini wakaeleza kuhusu haidrokwinoni, dawa nyingine ya kufifisha rangi: ukiitumia sana kwa muda mrefu, ngozi inaweza kurudi na madoa meusi yenye ubuluu, na hayo hayatoki.

Hapo niliacha kusoma. Nilikuwa nimeyaona madoa hayo maisha yangu yote.

Shosho ana mawili, moja kila shavu, kama mtu aliyemshika uso kwa vidole vyenye wino. Sisi tuliambiwa ni jua. Nilienda Murang'a Jumamosi nikamkuta anaambua maharagwe. Nikaketi, nikaambua pamoja naye, na sikujua pa kuanzia, basi nikamwonyesha ile picha ya binamu.

Aliishika simu mbali na macho kwa muda mrefu. Halafu akasema, "Hata huyu."

Alikuja Nairobi akiwa na miaka ishirini na kitu, mwanzoni mwa miaka ya 1970, akaandikwa kazi ya kupiga taipu. "Kulikuwa na kazi ya nyuma na kazi ya mbele," akaniambia. "Ya mbele ilikuwa na mshahara mzuri. Waliweka wasichana weupe. Mimi ndiye nilikuwa na taipu ya haraka kuliko wote."

"Ukanunua krimu."

"Nikanunua krimu."

"Ukapata kazi ya mbele?"

"Nikapata. Miaka mitatu. Halafu uso ukaanza kurudi mweusi kuliko vile Mungu aliupa, wakanirudisha nyuma."

Hakulia. Aliendelea na maharagwe. Hiyo hela ya miaka mitatu ndiyo ilimpeleka mathe shule, alisema, kwa hivyo nisimhurumie. Nilimwomba ruhusa ya kuandika haya. Alikubali, bora nisitaje ofisi wala kikopo. Sijataja.

Kenya ilipiga marufuku zebaki na haidrokwinoni kwa vipodozi mwishoni mwa miaka ya 1990. Mathe ni wa kizazi kilichosikia hayo matangazo redioni, na sasa naelewa kwa nini nyumbani kwetu kulikuwa na Arimis pekee. Sheria haikuimaliza biashara, iliifundisha adabu ya maneno. Hakuna anayeuza "kuwa mweupe" tena. Anauza kusawazisha rangi, kutoa madoa, kung'arisha.

Sikiliza hilo neno la mwisho. Kung'aa hufanywa na kitu chenyewe: nyota inang'aa, macho ya mtoto yanang'aa. Kung'arisha kunahitaji mtu mwingine na kitu cha kusugua, kama sufuria na waya wake. Lugha yetu ilikuwa imetuonya, tukapita tu.

Sisemi hakuna kilichobadilika. Februari 2014 Lupita Nyong'o alisimama mbele ya watu Marekani akasema kwamba akiwa mdogo alimwomba Mungu ampunguzie rangi. Mwaka 2019 akatoa kitabu cha watoto, Sulwe, ambalo kwa Dholuo ni nyota. Rihanna alipoanzisha Fenty Beauty mwaka 2017 na rangi 40 za faundesheni, mafundi wa hapa waliokuwa wakichanganya chupa mbili tatu ili kupata rangi moja nyeusi walijua hiyo ilikuwa habari ya nani. Ilifika rasmi Kenya 2022, kwa bei ambayo mimi huitazama kioo kikiwa katikati yetu. Lakini neno lile lile lililo kwenye hizo chupa nzuri ndilo liko kwenye kikopo kisicho na jina. Msichana anayetafuta "glow" saa tano usiku anaonyeshwa yote mawili.

Binamu alienda kwa daktari wa ngozi. Ilikuwa steroidi, ambayo hufanya ngozi ing'ae wiki za kwanza kisha huifanya nyembamba. Daktari alimpa njia ya kuiacha na kumwambia asipakwe vitu vizito. Siku ya harusi, saa kumi na moja asubuhi, tulikuwa wawili chumbani na taa yangu ya mviringo.

Nilimwosha uso kwa maji tu. Nikampaka jeli isiyo na manukato, nikangoja iingie, halafu krimu ya kuzuia jua. Nikachukua tone la faundesheni, nikalichanganya na mafuta kiganjani, nikaligusisha palipohitaji peke yake. Hapo tukabishana. Alitaka ile rangi ya uso wake wa wiki za krimu, mimi nikashika chupa inayolingana na kifua chake.

"Nitaonekana mweusi kwa picha."

"Utaonekana wewe."

Alinyamaza, kisha akafunga macho, na kwa kazi yetu hiyo ni ndiyo. Rangi ya mashavu niliipaka kwa kidole. Badala ya hailaita nilitumia ile jeli tena, kidogo tu, juu ya mifupa ya mashavu. Alipogeukia dirisha, jua lilikuwa linatoka, na mwanga ulikaa pale nilipotaka ukae.

Shosho akaingia bila kubisha, kilemba kichwani, fimbo mkononi. Alimwangalia mjukuu wake usoni kwa muda, na mimi nikangoja kama mtahiniwa. Hakusema kitu kuhusu uso. Akashusha macho.

"Mikono imepauka," akasema. Akaweka fimbo kando, akaketi kitandani, akaomba kile kikopo cha jeli, na akaanza kumpaka.